Nauli ya Samaki

...na bado anageuza, risiti moja, nyingine, analamba kidole kana kwamba ana haraka kumbe hana, Madame Émerence wa kodi, na Saumu kwenye kiti cha plastiki anajiuliza hivi kweli biashara ya mtu inaweza kufungwa na kidole kilicholowa mate, biashara yenyewe simu tu na samaki wakavu wa Kinkondja, anawapiga picha juu ya mkeka, anawaweka WhatsApp, watu wa Lubumbashi wanachagua, wanatuma pesa ya samaki pamoja na nauli ya treni kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo balaa ilipoingilia, maana jirani alimwambia kila kinachoingia kwenye simu ni mauzo, hata nauli, na kodi inakatwa juu ya yote, nauli ambayo yeye haioni hata rangi, leo imeingia kesho iko stesheni, basi atabaki na nini, mikia? na Yassini, mume wake, aliposikia alifurahi, ndiyo, alifurahi, mwanamume yule, “Funga ile kazi ya telefone, Mama Djamila, urudie soko, ukae na dada yangu,” ukae na dada yake, Mungu apishe mbali, kutwa kufukuza nzi na kusikiliza nani kamsema nani... “Huyu Agar mu hii reçu njo nani?” Madame hajainua hata macho. “Ni kliyan, Madame.” “Na huyu Manassé?” “Naye kliyan. Bote ni bakliyan, banangojaka mizigo kule Lubumbashi.” Sauti inamtoka nyembamba kama ya mwizi, kwa sababu kosa liko hapo hapo, analijua, limemnyima usingizi, kalipa nauli kwa mkono wake mwenyewe na karatasi za treni zinataja watu wengine, atathibitisha vipi kwamba pesa ilitoka kwake ikaenda, ujinga gani huu, na ujinga wenyewe ni wa kufundishwa, baba mkwe, mzee Feruzi, Mungu amrehemu, alimkazania tangu wiki ya harusi, mzigo uandike jina la anayeungoja, usiandike lako, ndivyo walivyofanya wachuuzi wa kwao Maniema, ukifa njiani warithi wako wasije wakagombania kitu kisicho chako, naye akatii, hata stesheni wakamcheka, yule mama asiye na jina, haya, tazama sasa utii umemfikisha wapi... “Iko muzuri,” anasema Madame. Muzuri? Nini muzuri? “Hii transport haiko yako, mama. Weye ulibalipia tu, na reçu iko na jina yabo. Inaitwaka débours, pesa ya kulipia mwengine. Haiingie mu mauzo yako.” Haiingii, amesema haiingii, Saumu anashika ukingo wa meza, mzee Feruzi, we mzee, kumbe ulikuwa unapanga na hili, kama nikifa si yangu basi nikiwa hai itakuwaje yangu, angeweza kumbusu huyu mwanamke na kidole chake cha mate, “Lakini hizi,” anasema Madame, “hizi iko na jina yako,” na moyo unashuka tena, ah, hizo, hizo za Ramadhani, alipojifanya mjanja, akaandika kwenye picha transport bure, akaifukia nauli ndani ya bei ya samaki, na mzigo akautuma kwa jina lake, “Hizi njo vente, mama, mauzo yako. Tutazihesabia.” Hesabu, Madame, hesabu tu, ni chache, atalipa bila kununa, aa, atanuna kidogo, lakini atalipa, na simu inatetemeka pajani, mteja mpya, Kaumba, anauliza transport ni bure? na kidole chake Saumu, kikavu, kinaandika bila kusita, Hapana, utalipa, nitaandika jina yako, na Madame analamba chake, anageuza nyingine, ageuze mpaka Magharibi akitaka, na kule nje dirishani Yassini yuko palepale juani na pikipiki, kigoda cha sokoni amekifunga nyuma tangu asubuhi, mtu wa maandalizi huyo, Saumu anakitazama kile kigoda na kwa mara ya kwanza wiki hii anacheka, acha kikae hapo hapo, kitamfaa mwenyewe kukalia akiwa anamsubiri.