Bwawa Lisilo na Tope

Nyumbani walimwita Redio tangu akiwa binti mdogo, maana habari haikai tumboni mwake hata ukiishonea. Na asubuhi hiyo alikuwa na habari kubwa mpaka inamwasha: idara ya mazingira ya manispaa ilikuwa imemruhusu kukagua eneo la ujenzi peke yake. Peke yake jamani! Bila mkuu wa idara kusimama nyuma yake akikohoa kila anapokosea.

Tena eneo lenyewe lilikuwa la shemeji yake.

Si lake la kumiliki. Mwenye mali alikuwa tajiri mmoja aliyenunua kilima kizima juu ya mtaa, akaingiza katapila, akakikwangua majani na miti hadi kikabaki kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Shemeji, mume wa dada yake Redio, alikuwa fundi mwashi miaka yote, na sasa kwa mara ya kwanza alipewa kusimamia kazi nzima. Ila alipewa kwa kupimwa. "Mvua za mwanzo zikipita bila kesi na manispaa, usimamizi ni wako," tajiri alimwambia. "Zikileta kesi, unarudi kwenye mwiko wako." Dada alikuwa ameshawatangazia majirani wote, hata wale wasiosalimiana.

Redio alimweleza mkuu wake mapema kwamba msimamizi ni shemeji yake. Mama yule wala hakunyanyua macho.

"Nikitafuta mkaguzi asiye na ndugu mji huu, itabidi nimwagize kutoka mwezini. Nenda. Ukimpendelea nitajua, ukimwonea dada yako atanijulisha."

Basi Redio alikwenda mara ya kwanza kumsomea Shemeji kanuni. Alisimama juu ya rundo la kokoto, simu mkononi, akasoma kama anasoma taarifa ya habari. Kilima kikishakwanguliwa, udongo hauna tena cha kuushika, kwa hiyo sheria ndogo za manispaa zinataka kitambaa kigumu kizungushwe upande wa chini, mguu wake ufukiwe ardhini. Getini pawekwe mawe ya kukung'uta tope la matairi. Na pale maji yote yanapoteremkia, lichimbwe bwawa. Shemeji alitikisa kichwa kukubali kila Redio alipomaliza kifungu.

"Umeelewa, shem?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Sasa shuka kwenye kokoto zangu, utavunjika mguu niambiwe nimemshambulia ofisa."

Aliporudi kukagua, alitamani kupiga vigelegele. Kitambaa kimevutwa kikanyooka kama shuka la hotelini. Mawe ya getini yamepangwa kwa ukubwa. Na bwawa! Shemeji alikuwa amelijengea kingo za mawe, akalipiga lipu, akalilainisha kwa mkono wake mwenyewe, mkono uleule uliomjengea dada yake Redio jiko. Bomba la kutolea maji lilikaa chini kabisa, usawa wa sakafu. Redio aliliona. Aliliona vizuri tu, akabonyeza kwenye simu: bomba lipo.

"Safi sana, shem! Safi kupita kiasi!"

"Ulifikiri nitakuaibisha kwenye ukaguzi wako wa kwanza?"

Mvua ilishuka kesho yake mchana. Haikuwa kubwa, ilinyesha, ikachoka, ikaondoka. Redio hakungoja hata mitaro ikauke, akapanda kilimani mbio. Bwawa lilikuwa jeupe. Sakafu inang'aa, ungeweza kutandika mkeka ukalala. Mwendesha katapila, ambaye wote walimwita Kijiko, alichungulia kutoka juu ya mashine yake.

"Ofisa, hapo hata mtoto mchanga unamwogesha!"

Wakacheka wote. Redio akapiga picha, akairusha ofisini, na hongera zikaanza kumiminika. Akaaga, akateremka kwa miguu, anajiongelesha mwenyewe kwa raha.

Chini mtaani, kinyozi alikuwa mlangoni kwake na koleo. Viti vyake vimepandishwa juu ya meza, miguu juu. Ndani, tope limefika usawa wa kifundo cha mguu, na mteja mmoja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa amechuchumaa juu ya kreti, anasubiri hatima yake.

"Pole, kaka. Mvua ya leo imekuwa kali," Redio akasema.

"Mvua gani kali, dada? Hii ni manyunyu. Nimenyoa watu hapa mvua inavunja mabati, na sakafu yangu kavu."

"Ninyi mnazungumza," mteja akadakia, "mimi kichwa changu kina pande mbili kama bendera."

Redio alicheka, halafu kicheko kikaishia katikati. Udongo wa mtaa ule ulikuwa wa kijivu, vumbi la kijivu lililokaa hadi kwenye nywele za watu. Tope la kinyozi lilikuwa jekundu. Jekundu kama kilima.

Akasimama pale na viatu vyake vizuri vinazama polepole. Mvua imenyesha juu ya udongo mtupu, na bwawa halina tope. Bwawa lililochimbwa kwa ajili ya tope. Sasa tope limekwenda wapi? Limekuja huku, Redio, umelikanyaga. Zile hongera bado zilikuwa zinalia mfukoni, moja baada ya nyingine, akaizima simu.

Alipanda tena kilimani, safari hii taratibu. Shemeji alimwona anavyokuja, na tabasamu lake likaanza kumpungua kabla hajasemeshwa.

"Shem, bomba la bwawa kwa nini umeliweka chini?"

"Ili maji yatoke yote."

"Na tope?"

"Nalo litoke. Ungelikuta limejaa tope ungesemaje? Unakuja kukagua, nikuonyeshe uchafu?" Alimtazama kama anamtazama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akauliza kwa nini pamefagiwa. "Na kule nilikokuwa najenga, bwana afya wenu alitusimamisha kwa sababu ya maji yaliyotuama. Mbu. Alitugombeza mpaka mate yakamkauka. Nikasema humu hayatatuama hata kikombe."

Redio akakaa kwenye ukingo wa lile bwawa zuri. "Shem, lilitakiwa lichafuke. Maji yaingie, yatulie, tope lizame, ndipo maji ya juu yatoke. Bomba linatakiwa lisimame. Hili lako limepeleka kilima chote kwa kinyozi."

Shemeji akavua kofia, akaivaa. Alikuwa mwepesi wa mizaha, lakini safari hii mzaha haukuja.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nipe mpaka Jumatatu. Nitalibomoa, nitaliinua hilo bomba, tutazoa tope la huyo kinyozi, na hakuna atakayejua. Ukiandika, unajua nitakuwa wapi."

Redio alijua. Shemeji angekuwa kwenye mwiko, na dada angekuwa anapita mbele ya majirani wale wale. Juu yao katapila lilikuwa linaendelea kukwangua, linamwaga udongo mbichi pembeni, laini, mwekundu, unaosubiri kusukumwa tu. Na mawingu yalikuwa bado hayajaondoka. Mpaka Jumatatu. Ikinyesha leo jioni je? Ikinyesha kesho? Na akinyamaza, kinyozi atamlalamikia nani, wakati manispaa ina picha ya bwawa linalong'aa, iliyopigwa na yeye mwenyewe? Redio, ambaye hajawahi kuficha hata habari ya kuku wa jirani kutaga, aligundua kwamba kunyamaza safari hii kungekuwa rahisi kweli. Hilo ndilo lililomtisha.

"Siwezi, shem."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Aliandika amri ya kusimamisha kazi palepale: katapila lizimwe, udongo uliolundikwa ufunikwe, bwawa lirekebishwe, tope lizolewe mtaani. Chini yake akaongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipitisha bwawa hilo, kwa kosa. Kijiko alizima mashine, na kilima kikawa kimya mpaka ukasikia koleo la kinyozi kule chini.

Ofisini mkuu alisoma, akaweka miwani mezani.

"Ulimwambia bomba lisimame?"

"Nilimsomea kanuni zote, mama."

"Sijauliza ulichomsomea. Ulimwambia bwawa ni la nini?"

Redio akayapitia moyoni yote aliyomwambia Shemeji. Alikuwa amemwambia lichimbwe. Alikuwa amemwambia safi sana. Katikati ya hayo mawili, ambapo ndipo palipokuwa na maana yote, hakuwa amesema neno. Na kuhusu mbu hakuwa hata amewaza. Watu wa ofisi moja, mmoja anagombeza maji yakikaa, mwingine anagombeza yasipokaa, na fundi katikati anahangaika kuwafurahisha wote. Alimuuliza mkuu, na mkuu akamwelekeza: bomba la kusimama litobolewe matundu madogo, lizungushiwe kokoto, maji yachuruzike polepole, yaishe kabla mbu hawajakomaa.

Dada alipiga simu jioni. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umemaliza?" akauliza, akakata.

Siku zilizofuata Shemeji na mafundi wake walizoa tope mtaani kwa mikokoteni. Tajiri, alipopata nakala ya amri, alisema habari ya usimamizi ataiamua mvua ijayo. Redio alikwenda na maelezo ya bomba, akachora kwa kijiti ardhini, mara hii bila kusoma popote. Shemeji alisikiliza akiwa ameegemea koleo.

"Ungenichorea hivi siku ile," alisema tu.

"Najua, shem. Nisamehe."

Shemeji alichukua kile kijiti, akaongeza kwenye mchoro kifuniko cha wavu juu ya bomba. "Majani yataziba," akasema, akaondoka.

Mvua iliyofuata ilikuwa mvua kweli, ya kupiga mabati kwa hasira. Redio alipofika kilimani akitokea mtaani kwa kinyozi, amelowa chapachapa, alimkuta Shemeji peke yake ukingoni, gunia kichwani. Hawakusalimiana vizuri. Walitazama maji mekundu yakiingia bwawani kwa kishindo, yakizunguka, yakitulia. Na ile lipu laini ikapotea chini ya uji mzito wa tope. Kutoka kwenye bomba, upande wa pili, maji yalichuruzika membamba, rangi ya chai iliyozimuliwa.

Simu ya Shemeji ikaita. Alikuwa tajiri, na sauti yake ilimfikia hata Redio.

"Bwawa likoje?"

"Chafu, bosi. Chafu kabisa, limejaa."

Shemeji akamtazama Redio, akampa simu, maji yakimdondoka puani.

Redio alieleza. Hakuharakisha. Alieleza tope linavyozama, kwa nini maji yanakawia, na kwamba hivi sasa mlangoni kwa kinyozi hakujafika kitu. Alipomaliza, tajiri alivuta pumzi.

"Kwa hiyo uchafu huo ndio kazi yenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Likijaa sana ndipo lizolewe."

"Haya. Mwambie msimamizi wangu asije akalifagia."

Redio akarudisha simu. Shemeji alikuwa amesikia. Alikuwa amegeuka upande mwingine, anajifanya kurekebisha gunia kichwani, na alilirekebisha kwa muda mrefu sana.