Nywele Zangu Kwenye Ndoano

Ndoano niliikuta mfukoni mwa koti la Jumbe nilipokuwa natafuta funguo. Kitu kidogo mno, kimezungushiwa nyuzi na manyoya kifanane na mdudu, na mkiani kimefungwa nywele nyekundu. Nywele za mtu, jamani. Damu ikanichemka.

Murielle ana nywele nyekundu. Ni Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi na mume wangu kwenye duka la vifaa vya uvuvi, na kila Jumapili wanawapeleka wateja kuvua samaki aitwaye trauti mtoni, huko kwenye baridi ya Dullstroom. Mimi nabaki nyumbani Bertrams na masufuria yangu. Na huyo trauti sijawahi kumwona mezani! Mwanamume anaondoka alfajiri, anarudi jioni mikono mitupu, anatabasamu peke yake. Wewe ungeamini?

Nilijua ni limbwata. Kwetu Tanga nywele si kitu cha kuchezea. Zinazobaki kwenye kitana tunazikusanya na kuzifukia, zisiangukie mikononi mwa mbaya wako. Hapa ghorofani hakuna udongo, kwa hiyo kila Ijumaa nazifunga kwenye karatasi, namkabidhi Jumbe, akazifukie chini ya mti karibu na uwanja wa Ellis Park. Kazi hiyo singempa mtu mwingine yeyote.

Jumapili nikavaa makoti mawili, nikamtangulia Jumbe kwenye gari la duka.

"Mama Tabia, unakwenda wapi?"

"Kuvua."

Ilikuwa Agosti, majira ya baridi huku kusini, nyasi zimekauka, na ukingoni mwa mto maji yalikuwa yameganda. Wateja wakatawanyika. Jumbe akaingia majini mpaka magotini, akaanza kurusha mshipi. Murielle alivaa kofia, na kwenye kofia amechomeka ndoano kadhaa, zote na nywele nyekundu. Nikamvua ile kofia kichwani bila hata salamu.

"Nywele zako zinafanya nini mfukoni mwa mume wangu?"

Alinitumbulia macho, kisha akacheka, mshenzi yule.

"Eish, Mama Tabia! Yangu ni ya plastiki. Tulijaribu, samaki anakatala kabisa. Anapenda ile ya hina. Jumbe hakukuambia?"

Hina. Nikajishika kichwa changu chenye hina, juu ya mtandio.

"Baba Tabia," nikaita.

Hakugeuka. "Rangi ile haiuzwi popote, mke wangu. Baridi ikikaribia kuisha, trauti haoni kitu kingine. Nami nikaona zinakwenda kuoza tu ardhini."

"Hukuzifukia."

"Ningekuomba ungekataa."

Ningekataa, ndiyo! Afadhali angekuwa na mwanamke; huyo ningejua pa kumshika. Nywele zangu, nilizomkabidhi yeye peke yake, ziko midomoni mwa samaki na kwenye kofia ya Murielle. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo, mshipi wake ukakazika.

Akanisahau palepale. Alimvuta samaki polepole, anamlegezea, anamvuta tena, mpaka akamfikisha miguuni. Kabla ya kumgusa, alitumbukiza mikono yote miwili kwenye maji yale ya barafu.

"Mkono mukavu unamuumiza ngozi," Murielle akaninong'oneza.

Jumbe akamshika tumboni, akamtoa ndoano, akamwelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Akasubiri apate pumzi. "Haya, bibi," akamwambia. "Taratibu. Nenda." Akamwachia.

Nilimwonea wivu samaki. Nasema wazi. Tangu anioe, Jumbe hajanishika namna ile hata nilipokuwa mgonjwa.

Nilizing'oa ndoano zote kwenye kofia, Murielle ananitazama tu, nikazifunga kwenye kitambaa. Ile iliyokuwa kwenye mshipi Jumbe aliikata mwenyewe, akanipa.

Ijumaa nikachana nywele, nikafunga karatasi yangu kama kawaida. Jumbe akaja akanyoosha mkono.

"Lete nikazifukie. Safari hii kweli, wallahi."

Nikaitia karatasi kifuani. "Nitakwenda mwenyewe."

Akanisogelea anishike bega. Nikarudi nyuma.

"Kwanza kaloweshe mikono."

Akacheka, akidhani ni utani. Aliponitazama vizuri akaacha kucheka. Akakunja mikono ya shati, akaenda jikoni, nikasikia akifungua bomba la maji baridi.