Mahojiano ya Arobaini

Nyirangabo alikuwa ametumbukiza miguu katika beseni la maji ya chumvi. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Viatu vyenye ncha za chuma alivyovaa kazini kule ghalani vilimbana, na bosi alisema avumilie. Hata hivyo alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani, maana mgeni alikuja na karatasi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Angelika, Mrundi mwenzake, aliyekulia kambini Tanzania kama yeye. Sasa alikuwa akisomea shahada ya pili ya afya ya jamii hapa Louisville, Marekani. Profesa alimwahidi nafasi kwenye timu ya utafiti itakayokwenda Geneva, ilimradi afikishe mahojiano arobaini ya wanawake wakimbizi. Mtaa wote wa Beechmont ulikuwa umempa thelathini na tisa.

"Si lazima ujibu, mama," Angelika alisoma karatasi yake haraka haraka. "Hutapata msaada wowote kwa kujibu."

"Ndiyo, ndiyo. Wote huanza hivyo."

Akajibu kila kitu. Alieleza habari za mtoto aliyemzika njiani, na yale aliyotendewa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, jambo ambalo hata mumewe hakulijua. Kisha akafuta macho, akasogea karibu.

"Sasa andika vizuri, mwanangu. Silvano, kifungua mimba wangu. Bado yuko kambini, mwaka wa saba huu. Usikosee tarehe ya kuzaliwa. Mara ya kwanza walimwacha kwa sababu ya tarehe."

Kalamu ikasimama. Kambini ndivyo ilivyokuwa: waliojibu vizuri mahojiano ndio waliopanda ndege kuja Marekani. Kanuni Angelika aliijua pia: mhojiwa asipoelewa kwamba hatapata msaada, mahojiano yanafutwa.

"Tarehe gani, mama?" aliuliza.

Alipotajiwa, akaiandika pembeni, mahali ambapo hakuna mtu angesoma. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Watampigia lini?"

"Sijui, mama."

Nyirangabo akatia sahihi kwa herufi kubwa, akamshukuru kwa mikono miwili.

Profesa alifurahi mno. "Wanakuamini," alisema. "Hilo hatuwezi kulifundisha darasani. Tuongezee kumi, basi, kabla ya safari."

Jumapili, baada ya ibada, Nyirangabo, miguu ikimuuma bado, alimsubiri Angelika mlangoni pa kanisa. Nyuma yake walisimama wanawake saba, kila mmoja ameshika picha ya mtoto wake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hawa hujawahoji," alisema. "Nimewaambia wasifiche kitu."

Angelika alitazama chini. Kisha akafungua mkoba, akatafuta kalamu.