Marahaba Iliyochelewa

Kwenye maonyesho mjini niliona picha za kale za magofu ya Athene, zilizopigwa kwa kamera za sanduku la mbao. Nguzo zipo, mawe yapo, watu hakuna. Si kwamba hawakuwepo. Karatasi za enzi zile zilichukua dakika nyingi kunasa mwanga, na asiyetulia hakuacha hata kivuli. Iliniudhi sana. Ghorofa letu la Thamesmead, huku ughaibuni, lilikuwa karibu kubomolewa, na nikaapa kwamba mama yangu, Placida, hatafutika namna hiyo.

Nikajifunza kutengeneza karatasi zile, nikaunda na sanduku.

“We Gladness, simu yako imeharibika?” mama aliuliza.

“Simu inamnasa hata njiwa anayepita, mama. Hii inamnasa aliyekaa.”

Akasimama mlangoni. Majirani wakapita. “Shikamoo, mama!” “Marahaba, mwanangu! Watoto hawajambo?” Kichwa kikageuka, mikono ikapaa. Picha ilipotokea, mlango ulikuwa safi na mama alikuwa moshi. Nikarudia mara ya pili, moshi tena.

“Usimwitikie mtu,” nikamwambia kwa ukali.

“Waseme Placida ana maringo? Thubutu!”

Ilibaki karatasi moja, na kesho yake tulikuwa tunarudisha funguo council, kwa wenye jengo. Asubuhi mama akavaa koti lake zuri, akapita mlango kwa mlango, ghorofa zote, akisalimia. Akarudi akihema. “Nimewamaliza wote. Haya, piga.”

Nikafungua lenzi. Mama akatulia tuli. Ndipo akatokea Noel, nesi wa ghorofa ya juu, anarudi kutoka night shift. Yeye, mama hakumkuta alipopita kusalimia.

“Shikamoo, mama.”

Mama akakaza macho kwenye lenzi.

“Mama? Shikamoo.”

Macho ya mama yalijaa machozi, lakini hakutikisika. Noel naye, begi mkononi, akaganda palepale akimtazama. Ataondokaje hajaitikiwa? Nilitaka kumweleza, lakini angesogea naye afutike, nikauma ulimi. Nilimpenda mama wakati ule kuliko siku zote.

Nikafunika lenzi.

“Marahaba, baba! Marahaba! Nisamehe mwanangu, ni huyu mwehu wangu!”

Ghorofa limeshabomolewa. Picha iko ukutani kwenye flat mpya: mlango wetu, mama mpaka vifungo vya koti, na Noel pembeni yake, anasubiri. Kila akipita hapo na kikombe chake cha chai, mama humwitikia.