Jua la Kwenye Kioo

Kazi yetu ina sharti moja: jipi la watalii huegeshwa likikipa kilele kisogo, pua ikielekea bondeni, na dereva habanduki kwenye usukani. Huu ni mlima wa volkano. Ukianza kutema moto, hakuna muda wa kugeuza gari. Kwa hiyo wageni hushuka kutazama jua likichomoza nyuma ya kilele, wakapiga picha mpaka wanasahau kulitazama, na mimi hubaki na kipande changu ndani ya kioo cha pembeni, upana wa kiganja. Miaka kumi na minne sasa.

Nyumbani mke wangu huniuliza kila siku lilikuwaje, nami humsimulia kwa mbwembwe.

Leo kiti kimoja kilibaki wazi, nikamchukua. Wageni waliposhuka, yeye hakushuka. Alinitazama, akatazama kioo.

“Baba Mapacha, ndilo hili ulilokuwa ukinisimulia?”

“Ndilo hilo.”

“Basi shuka ukalione. Nitakaa mimi.”

“Kuendesha kwenyewe hujui.”

“Honi naijua. Moshi wa mlima ukibadilika nitapiga, uje mbio.”

Nilishuka nikinung'unika, maana sipendi kubishana mbele za wageni. Jua lilikuwa kubwa kuliko uongo wangu wote. Nilipogeuka nimwite naye aone, nilimkuta amehamia kwenye usukani, mkono juu ya honi, macho kwenye kioo, akichunga moshi. Jua lenyewe hakuwa na habari nalo.