Wiki ya Birika

Mtafiti alikuwa na bakuli la vikaratasi mezani pake kliniki. Kila Jumatatu, mshiriki ambaye kipimo kilionyesha hajagusa pombe wiki nzima alitumbukiza mkono akatoa kimoja. Nusu vilikuwa vya zawadi, nusu viliandikwa tu, "Hongera, umejitahidi." Utafiti ulitaka kujua kama bahati nasibu hiyo ingewasaidia watu kuacha chupa.

Fundi mwashi, aliyewahi kulewa mpaka mwiko ukamponyoka mkononi, bahati ilikuwa imempa kisogo. Wiki tisa mfululizo alitoa hongera tupu, akazikunja vizuri na kuzitia mfukoni. Mtafiti alimwonea huruma hadi akatamani kuliibia bakuli lake mwenyewe.

Wiki ya kumi fundi akatoa birika la umeme. Mtafiti akalikimbilia kabatini.

"Hatimaye, fundi. Mvumilivu hula mbivu."

Fundi aliligeuzageuza birika, kisha akalirudisha mezani taratibu. "Dada, naomba unibadilishie. Nipe ile ya hongera."

"Ya hongera haina kitu."

"Hiyo hiyo."

Fomu ilikuwa na mstari wa sababu za kukataa zawadi, na hakuna aliyewahi kuujaza. Mtafiti akashika kalamu. "Niandike nini?"

Fundi alijikuna kichwa. "Andika kwamba mama mkwe wangu, ambaye miaka kumi na miwili hajanitamkia neno jema, siku hizi kila Jumatatu huvaa miwani akanisomea ile karatasi kwa sauti, mbele ya wanangu. Sasa birika atalisomaje?"