Alama ya Emilian

Taarifa ya mwaka ya kampuni yetu ina kurasa ishirini na mbili na jalada la rangi. Juu ya jalada wamechora wapagazi wa zamani wakitembea msururu, mizigo mabegani, kwenye njia ya misafara. Nilipoiona nilitaka kuichana palepale. Mababu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani, mabega yakachubuka, halafu leo anakuja mtu kuwapachika kwenye jalada la kampuni ambayo haijabeba hata dumu moja la asali tangu mwaka 2014.

Kampuni yenyewe inaitwa Nta Magharibi. Ni kampuni ya umma, ya hisa, ina wanahisa mia nne na kumi na mbili, karibu wote warina asali wa vijiji vya Uyui. Mwaka 2009 tuliambiwa tununue hisa tuwe na kiwanda chetu, tuachane na walanguzi. Watu waliuza ng'ombe. Baba yangu, Emilian, aliuza baiskeli na nta ya msimu mzima, akapata hisa arobaini. Kiwanda kikafanya kazi miaka minne hivi, mashine ikafa, benki ikagoma, milango ikafungwa. Kilichobaki ni ghala moja hapa mjini, Gongoni, na kiwanja chake chenye hati safi. Hatuna kingine. Na mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, tuliitwa kwenye mkutano mkuu ndani ya ghala hilohilo ili tupige kura ya kukipoteza.

Nilimkuta shangazi yangu Gaudensia, dada yake baba, ameshakaa kwenye benchi la mbele, kanga mabegani, mkoba mapajani. Alikuwa ametoka kijijini alfajiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa hapa unisomee hayo makaratasi. Huyo Dionis naona kanona."

Nikamsomea. Mapato ya mwaka mzima yalikuwa laki sita, kodi ya bango la matangazo lililotundikwa ukutani kwetu. Matumizi: posho za vikao vya bodi, milioni kumi na nane. Vikao kumi na moja! Kampuni ina mhasibu mmoja tu, haina mzinga, haina hata ufagio, halafu wakurugenzi watatu wanakutana mara kumi na moja kujadili nini? Mafuta ya gari, milioni nne. Gari la nani? La mwenyekiti. Na kwa kuwa kampuni haina fedha za kumlipa mwenyekiti posho yake, posho inaandikwa kuwa deni. Mwaka hadi mwaka anakaa kwenye kiti, anakunywa soda, anaondoka, na kampuni inazidi kudaiwa naye. Deni lilikuwa limefika milioni tisini na sita. Mkaguzi wa hesabu ameandika kwamba ana mashaka makubwa iwapo kampuni itaweza kuendelea. Kuendelea na nini, jamani?

"Sasa anataka nini?" shangazi akauliza.

"Anataka deni lake ligeuzwe hisa. Likigeuzwa, katika kila hisa kumi za kampuni nane zitakuwa zake. Kesho yake anauza kiwanja na hana wa kumuuliza."

Shangazi alisonya kwa sauti, watu wa benchi la nyuma wakageuka.

Mwenyekiti huyo, Dionis, si mgeni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ni wa kijiji chetu. Mwaka aliofaulu kwenda sekondari, baba zetu walichanga madumu ya asali wakayauza ili apate godoro, sanduku na ada. Leo anatuita "ndugu wanahisa" kwa sauti ya redioni, miwani imeshuka puani. Kabla ya kuanza alituomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wanahisa waliofariki. Tukasimama. Nilisimama nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa gauni.

Azimio la namna ile halipiti hivihivi. Linataka robo tatu ya kura, na kura huhesabiwa kwa hisa. Ukumbini tulikuwa sabini na mmoja tu, maana nauli kutoka vijijini ni kubwa na msimu ulikuwa wa kurina. Nikajisemea hapa kachemsha, sisi hatumpi. Ndipo Dionis akainua faili nene la bluu.

"Ndugu wanahisa, wenzenu walioshindwa kufika wameniamini. Hizi hapa fomu zao za uwakilishi. Fomu mia mbili na sitini. Wote wameniruhusu niwapigie kura. Na wote wanasema ndiyo."

Nikasimama, nikasema nataka kuziona.

"Tuna ratiba, binti yangu," akasema Dionis.

"Mwanahisa ana haki ya kuziona," akasema Abbasi kabla sijajibu. Abbasi ndiye mhasibu wa kampuni, mzaliwa wa hapahapa Gongoni, mtu mpole ambaye husafisha kalamu zake kwa leso. Alilichukua faili kutoka mkononi mwa mwenyekiti akaniletea mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu, maana mtu wa mbali hatatuelewa. Siku ya kuandikisha wanahisa, wazee wetu wengi hawakujua kuandika. Lakini kila mrina asali ana alama yake. Anaichonga kwenye mzinga na kwenye mti anapoutundika, na hakuna atakayeugusa. Akifa, alama inabaki kwa nyumba yake. Basi wazee wakasema alama hiyo ndiyo saini yao, ikaandikwa hivyo kwenye katiba ya kampuni. Porini haijawahi kutokea mtu akaiba alama ya mwenzake. Tukadhani mjini nako ni hivyo. Ujinga ulioje! Porini alama inalindwa na watu wanaokujua, wanaojua panga lako linavyokata. Kwenye karatasi inalindwa na nani?

Nilifungua faili. Alama baada ya alama, kalamu nyeusi, mistari iliyonyooka mno. Nikafika kwenye jina la baba. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Fomu ilikuwa ya mwezi uliotangulia, na chini yake ilikuwa alama yake.

"Baba yangu amekufa," nikasema. "Alama hii kaitia nani?"

Dionis hata hakutikisika. "Mungu amrehemu Mzee Emilian. Lakini alama haifi. Si ninyi wenyewe mliotaka iandikwe hivyo? Ipo kwa warithi. Mmoja wenu kaitia. Kaulizeni nyumbani kwenu, msitucheleweshe hapa."

Wakurugenzi wenzake wawili wakapiga makofi. Ametumia desturi yetu kutufunga mdomo, tena kwa adabu. Nikaiangalia alama ile tena ili nipate cha kumjibu, na nikaona kitu nilichokijua.

Alama ya baba ni mikato mitatu iliyosimama, na chini yake mmoja uliopinda mfano wa kikombe. Kwenye fomu, kikombe kilikuwa kimepinduliwa. Hakuna mtu wa nyumba yetu anayeweza kukosea hivyo, hata usingizini. Duniani kuna mahali pamoja tu ambapo kikombe kile kimepinduliwa, nami napajua, kwa sababu nilikipindua mimi.

Nilikuwa karani wa Nta Magharibi miaka saba. Nilinakili alama zote mia nne na kumi na mbili kwenye daftari moja, ili siku gawio likipatikana tujue nani ni nani. Ya baba niliikosea kwa haraka. Alipoiona alicheka akasema nimemwaga asali yake. Niliahidi kuisahihisha na sikuisahihisha. Nilipoacha kazi, nikidai mshahara wa miezi tisa, niliondoka na daftari lile kama rehani, nikalificha kabatini kwangu, mtaa wa Ng'ambo. Mwezi wa kwanza mwaka jana Dionis alinifuata nyumbani. Akasema anasafisha rejista. Akahesabu laki nne na nusu mezani, mishahara ya miezi mitatu, noti mpya. Nikampa daftari.

Sikuuliza la nini. Mtu anayelipa mshahara wa kampuni iliyokufa ili apate daftari kuukuu, huhitaji kusoma sana kujua kuna jambo. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba na ada ya mtoto, na nilishajiambia kwamba ile ni haki yangu. Ilikuwa haki yangu kweli! Hilo ndilo linalonitia wazimu hadi leo, kwamba mwizi alininunua kwa fedha zangu mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Azimio lingepita, ghala lingekwenda, na ningemlaani Dionis pamoja na wenzangu hadi uzeeni.

"Alama hii imekosewa," nikasema, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyokusudia. "Kikombe kimepinduliwa. Shangazi, njoo uone."

Shangazi akaja. Aliangalia mara moja tu. "Hii si ya kwetu," akasema.

"Kosa hili ni langu. Lipo kwenye daftari nililoandika mimi, halipo pengine popote. Fomu hizi hazikutoka vijijini. Mtu kakaa mezani na daftari langu akachora zote mia mbili na sitini."

Ghala lililipuka. Watu walisimama, benchi likaanguka, mtu akapiga kelele kwa Kinyamwezi maneno ambayo siyaandiki. Watatu wanne wakaja kulichambua faili, kila mmoja akimtafuta ndugu yake, na mzee mmoja akamkuta jirani ambaye wiki hiyo nzima alikuwa amelazwa hospitali hajitambui. Dionis alikuwa akigonga meza kwa chupa ya maji.

"Utulivu! Huo ni upuuzi wa mfanyakazi aliyefukuzwa! Abbasi, hesabu kura."

Abbasi alilifunga faili, akaliweka sakafuni karibu na mguu wa meza. "Hizi sizihesabu, mwenyekiti."

"Nani kakuajiri wewe?"

"Hujanilipa miezi minane. Hata mimi nashindwa kujua."

Watu wakacheka, kile kicheko chenye hasira, na Dionis akaona maji yamezidi unga. Kura zikapigwa kwa waliokuwepo tu. Azimio likaanguka vibaya. Dionis akakusanya makaratasi yake, akasema deni liko palepale na tutaonana mahakamani, akapita katikati yetu akinukia manukato hadi kwenye gari lake, lenye mafuta tuliyoyalipia sisi. Hakuna aliyemgusa. Hadi leo najuta kwamba hakuna aliyemgusa.

Watu walikuwa wanakumbatiana. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu shangazi alikuwa bado ananiangalia.

"Vene. Daftari lako kalipataje?"

Wale waliokuwa karibu wakasogea kusikia.

"Nilimpa mimi, shangazi."

"Ulimpa, au alikuibia?"

"Nilimpa. Alinilipa mshahara wangu."

"Shilingi ngapi?"

"Laki nne na nusu."

Nilitaka kueleza habari ya miezi tisa, ada, kodi. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya kweli. Shangazi hakungoja hata moja. Aligeuka akawaambia watu kwamba rejista ianze upya leo hii, kila aliyepo aweke alama yake kwa mkono wake mbele ya wote, na walioko vijijini wafuatwe nyumba kwa nyumba. Abbasi akatuma mtu dukani, kaunta buku mpya ikaletwa, na msururu ukapangwa.

Nilipanga msururu kama wengine. Ilikuwa haki yangu, hisa arobaini za baba niko nazo mimi, kaka zangu walishaniachia. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari, na safari hii kikombe ningekiweka sawasawa. Shangazi alikuwa amesimama kando ya meza. Zamu yangu ilipofika aliweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Wewe tia dole gumba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu dole gumba ni la polisi. Ni la mkopo wa tumbaku, ni la mtu ambaye hana wa kumjua. Katika daftari la zamani hapakuwa na dole hata moja.

"Shangazi, mimi ndiye niliyesema. Bila mimi ghala lingeenda."

"Najua," akasema. "Asante. Alama ya kaka yangu itakaa kwangu."

Hakuna aliyenitetea. Abbasi aliangalia leso yake, kisha akanisogezea kidau cha wino polepole. Nilimchukia Dionis wakati ule kuliko nilivyomchukia kwa kiwanja, kuliko kwa vikao kumi na moja na soda zake zote, na nilijua kwamba chuki hiyo haiendi kwake peke yake. Nikalichovya dole, nikalikandamiza kwenye karatasi kwa hasira hadi meza ikalia.

Abbasi akaliinamia daftari. Akasema kwa upole kwamba limetoka doa tupu, halisomeki, nirudie.

Nikarudia.